Juu ya Kuangalia Shule: Mkaguzi Amtazama Nani?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wainjilisti na waalimu wa kanisa, mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi neno ambalo kwa mara ya kwanza laonekana kuwa la serikali tu, kumbe ndani yake limo swali la dhamiri. Neno lenyewe ni kuangalia shule. Twauliza hivi: Mtu akiwekwa aitazame kazi ya mwalimu, je, kutazama kwake kwaweza kuifanya kazi hiyo iwe njema? Na kama kwaweza, ni kutazama kwa namna gani?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitujia katika benchi la kipaimara, hapa mjini Dar es Salaam, karibu na soko la Kariakoo, mahali ambapo sauti za wachuuzi na makuli huingia madirishani hata wakati wa sala. Katika benchi hilo hukaa pamoja mtoto wa shule ya serikali na mtoto wa shule ya kulipia. Siku moja msichana wa darasa la sita, wa shule ya serikali, aliambiwa asome amri na maelezo yake katika Katekisimo. Akasoma vizuri, wala hakukwama. Ndipo mwalimu akafungua ukurasa mwingine, ambao darasa halijaufikia, akamwambia asome hapo. Msichana akanyamaza, akainamisha kichwa. Ikawa wazi kwamba yale ya kwanza hakuyasoma. Aliyakariri kwa kuwasikia wenzake.

Baadaye, walipokuwa wawili tu, mwalimu akamwuliza kwa upole, “Mwanangu, mwalimu wako wa shule ajua jambo hili?” Akajibu, “Shikamoo mwalimu, samahani. Shuleni twasoma wote kwa pamoja. Sijaambiwa kusoma peke yangu.” Akaulizwa, “Na wakaguzi, hawakufika kwenu?” Akajibu, “Walifika. Walitazama madaftari yetu.” Akalitoa daftari lake. Lilikuwa safi kabisa, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na kila ukurasa una alama ya vema kwa wino mwekundu. Yote yalikuwa yamenakiliwa ubaoni.

Msidhani kwamba mtoto wa shule ya kulipia alikuwa salama. Katika benchi lilo hilo alikuwako mvulana ambaye baba yake hulipa ada kubwa kwa taabu ya biashara. Yeye alisoma habari ya Msamaria kwa Kiingereza, upesi kama maji yashukayo mlimani. Alipoulizwa aeleze kwa lugha yoyote aipendayo ni nani aliyemsaidia yule mtu aliyepigwa njiani, hakujua. Shule zao zote mbili zimekwisha kukaguliwa, na zote mbili zina taarifa zilizoandikwa.

Watu wa Kariakoo wanajua vema maana ya kukaguliwa. Wakala wa Vipimo huipima mizani ya mfanyabiashara na kuitia muhuri. Kazi hiyo ni ya haki, tena ni ya Kibiblia, maana kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba Bwana huichukia mizani ya hila. Lakini kila mama anunuaye mchele ajua kwamba muhuri wathibitisha chuma, wala hauthibitishi mkono. Mkono waweza kuidanganya hata mizani iliyo sahihi. Ndivyo ilivyo shuleni. Daftari la mahudhurio, azimio la kazi, andalio la somo, hivyo ndivyo mizani ya mwalimu. Mkaguzi aweza kuvitia sahihi vyote, na mtoto akatoka bila kupewa kipimo chake.

Je, tuseme basi kwamba ukaguzi ni kazi bure? Hasha. Sisi Walutheri ndio tusioweza kusema hivyo, maana kanisa letu lilijengwa kwa ukaguzi. Tangu mwaka 1527 mtawala wa Saxony aliwatuma watu wazunguke katika sharika na shule, wawatazame wachungaji, waalimu na watu wote. Mwaka 1528 Melanchthon aliwaandikia wakaguzi hao kitabu cha maagizo, na Luther akakitia dibaji. Luther mwenyewe alikwenda kuzitembelea sharika. Aliyoyaona yalimhuzunisha mno: watu wa mashambani hawakujua mafundisho ya imani, na wachungaji wengi hawakuweza kuyafundisha.

Sasa angalieni alilolifanya. Aliwakemea wachungaji, naam, tena kwa ukali. Lakini hakuishia katika kukemea na kuandika taarifa. Alirudi nyumbani, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu chepesi ambacho hata baba asiye na elimu aweza kuwafundishia watoto wake. Kitabu ambacho waalimu wetu hukishika mkononi kila wiki ni tunda la ukaguzi. Mkaguzi aliona njaa, akaleta chakula. Tukumbuke pia kwamba jina la askofu katika Kiyunani maana yake ni mwangalizi. Kuangalia ni kazi takatifu, ikiwa aangaliaye amekusudia kulisha.

Katika nchi yetu neno hili si geni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dakta Aggrey wa Afrika Magharibi alikuwa mmoja wao, ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule. Mwaka 1925 serikali na misioni zilikutana Dar es Salaam kupatana juu ya elimu, na baada ya sheria ya mwaka 1927 shule za misioni zilizokubali kukaguliwa na kufikia kiasi kilichowekwa ziliweza kupewa msaada wa fedha. Tangu hapo jicho la mkaguzi na mfuko wa fedha vilifungwa pamoja. Baadaye, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizitwaa shule nyingi za makanisa. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa tena kwa watu binafsi na mashirika ya dini kuanzisha shule za msingi. Kwa hiyo leo kanisa letu lasimama pande mbili: watoto wetu wamo katika shule za serikali, nasi wenyewe tuna shule za kulipia. Twakaguliwa, tena twapaswa kukagua.

Hatari ya kufunga jicho na mfuko pamoja ilionekana zamani katika Uingereza. Mwaka 1862 serikali ya huko iliamuru kwamba sehemu kubwa ya fedha za shule itatolewa kwa kadiri watoto wanavyofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Walitaka fedha ya watu isipotee bure, na hilo ni jema. Lakini waalimu, kwa kuogopa kupoteza posho, waliwakaririsha watoto kitabu kimoja mwaka mzima, hata mtoto akaweza kukisoma bila kukielewa. Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo, akisema unaiua akili ya shule. Ilichukua miaka kama 30 hata ukaanza kuachwa. Tazameni, msichana wetu wa benchi la kipaimara alikwisha kuwako Uingereza kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Sasa tuzitazame shule za mji wetu. Katika shule za serikali, tangu mwaka 2016 elimumsingi imetolewa bila ada, na watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani au sokoni wakapata nafasi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini madarasa yalifurika, na mwalimu aliye mbele ya kundi kubwa hivyo hawezi kusikia sauti ya mmoja mmoja. Wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule, ni wachache kuliko shule. Hufika, hukaa siku chache, huandika, huenda zao. Afisa elimu kata yu karibu zaidi, lakini naye ana kazi nyingi. Tena taarifa ikisema kwamba vyoo havitoshi na waalimu wa hesabu wamepungua, mwalimu mkuu hana fedha wala uwezo wa kuwaajiri. Mtu aambiwaye kila mwaka kosa asiloweza kuliponya, mwisho huacha kusikia. Lakini shule hizi zina heshima ambayo haiandikwi katika taarifa: hazimkatai mtoto. Pale Uhuru Mchanganyiko, hapa hapa Kariakoo, watoto wasioona hufundishwa pamoja na wenzao waonao. Ni taarifa gani iwezayo kulipima jambo hilo kwa alama?

Katika shule za kulipia jicho ni la kila siku. Mwenye shule yupo, mzazi alipaye yupo. Mwalimu asipofika, habari yajulikana kabla ya kengele ya pili. Hii ni nguvu kubwa, wala tusiwaonee wivu. Walakini jicho la mwenye mali hupenda kutazama kile kiletacho wanafunzi wapya, yaani jina la shule na matokeo ya mtihani. Kwa hiyo iko desturi katika baadhi ya shule hizo: mtoto asiyefikia wastani hushauriwa ahame kabla ya mwaka wa mtihani. Shule hubaki na sifa yake, na mtoto hupelekwa penginepo na aibu yake. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba katika wilaya ya Chemba na katika baadhi ya shule za Dar es Salaam kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakaambiwa wafanye mtihani tena. Fikirini mtoto wa miaka 13 ambaye fundisho lake la mwisho katika shule ya msingi lilikuwa kwamba wakubwa huiba.

Liko jambo jingine lililopimwa kwa uangalifu, nalo lahusu nchi nzima. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule za msingi kwa matokeo na kuyatangaza mbele ya watu. Wataalamu watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, waliyachunguza yaliyotokea, wakayachapisha mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa za chini kabisa katika wilaya zao zilijitahidi, na watoto waliofaulu wakaongezeka. Kumbe jicho lina nguvu! Lakini waliona na neno la pili: katika shule hizo hizo, idadi ya watoto waliofika kuufanya mtihani wa darasa la saba ilipungua. Wadhaifu walikosekana. Baraza la Mitihani nalo liliacha mwaka 2023 kutangaza shule zilizoongoza.

Hapa, ndugu zetu, ndipo penye kiini cha swali letu. Mchungaji aweza kulifanya kundi lake lionekane lina afya kwa njia mbili. Aweza kuwatibu kondoo wagonjwa, au aweza kuwaacha porini na kuwahesabu waliobaki. Katika daftari njia hizi mbili hutoa hesabu moja, lakini mbele za Mungu mmoja ni mchungaji na mwingine ni mtu wa mshahara. Bwana wetu alitufundisha kuhesabu kwa namna nyingine: alianza na yule mmoja aliyepotea, akawaacha wale 99.

Mtu aweza kutujibu, “Ninyi mwasema maneno mazuri ya kanisani, lakini watu ni watu. Paka akiondoka, panya hutawala. Bila hofu hakuna mwalimu atakayefika asubuhi.” Jibu hili lina kweli ndani yake, wala hatutaki kulipita upesi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapa Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa, wengi wao wakiwa kazini mwao. Mji wote ulilia, na kila mtu aliuliza: Waangalizi walikuwa wapi? Hakuna aliyesema siku ile kwamba dhamiri ya wajenzi ingetosha bila mkaguzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto naye hawezi kujitetea. Hajui kama alichofundishwa ni kamili au ni nusu. Lazima awepo mtu mzima wa kumwangalia mtu mzima mwenzake kwa ajili yake. Jengo likianguka, mshindo husikika mji mzima. Shule ikianguka haitoi mshindo. Mtoto huondoka na daftari safi, na anguko lake huonekana miaka kumi baadaye, akiwa kijana asiyeweza kuusoma mkataba anaoutia dole gumba. Utafiti wa Uwezo, ulioanza hapa nchini mwaka 2010, uliona kwamba chini ya nusu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa mabega kwa mabega nasi, wala hatukusikia kitu.

Basi twakubali: jicho lazima liwepo, na hofu ina mahali pake. Lakini hofu humleta mwalimu mlangoni tu. Haiwezi kumwinamisha juu ya daftari la mtoto aliye nyuma kabisa, wala kumfanya arudie kwa mara ya tano kwa sauti ya upole. Mtume Paulo aliwaonya watumishi wa Efeso juu ya kazi ifanywayo ili ionekane na macho tu. Alijua kwamba mtu wa namna hiyo hutoa kile hasa kitazamwacho, wala hatoi zaidi. Ukitazama madaftari, atakupa madaftari. Ukitazama alama, atakupa alama, hata kama ni kwa kumficha mtoto. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mwangalizi ni hili: Wewe wamtazama nani? Akimtazama mtoto, na hasa aliye wa mwisho, basi hata kazi ya macho itakwenda kule inakotakiwa.

Ukaguzi wa namna hiyo umekwisha kuwako duniani. Mwaka 1908, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mwalimu mmoja mweusi, Virginia Randolph, alitumwa azitembelee shule maskini za watu weusi katika wilaya ya Henrico. Fedha ya kazi hiyo ilitoka katika mfuko wa mama mmoja tajiri, Anna Jeanes. Randolph alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule ya chumba kimoja. Alipofika mahali hakuketi na kuandika makosa. Aliwaita wazazi, wakasafisha uwanja, wakatengeneza jengo, akawasaidia waalimu kufundisha kazi za mikono na afya. Utaratibu huo ulivuka bahari, na mwaka 1925 shule ya kuwafundisha waalimu watembezi wa namna hiyo ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Mwalimu mtembezi alikuwa mwangalizi, lakini mikono yake ilikuwa na vumbi la shule ile ile aliyoiangalia.

Twaona basi kwamba kuangalia kufaako kuna mambo matatu. La kwanza, mwangalizi amsikilize mtoto mmoja mmoja, asome peke yake, katika ukurasa asioujua. La pili, akiona upungufu, asiondoke pasipo kuonyesha dawa na nani atakayeileta. La tatu, arudi. Ziara moja ni kama mvua moja; haioteshi mbegu. Na kipimo kiwe kimoja kwa shule za serikali na za kulipia: si watoto wangapi wamefaulu tu, bali wangapi waliingia darasa la kwanza, na wako wapi leo.

Ndugu, msiseme, “Hayo ni ya Dodoma na ya Halmashauri ya Jiji.” Twawaombeni mambo machache. Ninyi waalimu wa kipaimara mna kila wiki kile ambacho mkaguzi hakipati kwa mwaka: mtoto, kitabu, na saa ya utulivu. Mfungulieni ukurasa asioujua. Msimwaibishe mbele ya wenzake. Akishindwa, mwambieni mzazi, na mzazi aende kwa mwalimu wa shule kwa heshima, asiende kwa kugomba, maana mara nyingi mwalimu yule amelemewa naye ahitaji msaada. Ninyi wazazi wa shule za serikali, mkichaguliwa katika kamati ya shule, msiende kupiga muhuri tu. Ninyi mlipao ada, msiulize tu wastani wa shule. Ulizeni ni nani waliohamishwa mwaka jana, na kwa nini. Nanyi wazee wa kanisa mlio katika bodi za shule zetu wenyewe, anzeni na sisi. Ikiwa shule yenye jina la kanisa humtoa mtoto dhaifu ili alama zipande, msalaba ulio juu ya lango wamshuhudia mkaguzi ambaye haandiki taarifa kwa wino.

Yule msichana wa darasa la sita bado yupo pamoja nasi. Mwalimu wa kipaimara alimpa nusu saa kila Jumamosi kabla ya wenzake kufika, na mwalimu wake wa shule, alipoambiwa, hakukasirika. Alisema hakujua, akamsogeza benchi la mbele. Sasa husoma polepole, kwa kidole chini ya mstari, na hukwama katika maneno marefu. Daftari lake si safi tena kama zamani, limejaa makosa yaliyofutwa, lakini makosa hayo ni yake mwenyewe.

Bwana, aliye Mwangalizi wa roho zetu, atupe macho ya kuwaona walio wadogo, na mikono ya kuwainua. Amina.